Upande wa Pili ni Vilevile

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mvua ya kwanza! Dakika kumi tu, ikaacha harufu ya udongo mwekundu mpaka ndani ya Fakilte ya udaktari. Nilisimama mlangoni nikasahau kwamba nyuma yangu kuna wanafunzi mia na arobaini. Jakaranda za uani zimemwaga maua yote chini. Nilikuwa mbali — Kasaji, stesheni, baba yangu amevaa kofia yake ya reli, anaandika namba za mabehewa. Mimi nina miaka saba, nanusa udongo huohuo.

Gloire, mkuu wa darasa, akakohoa. Prof, tuendelee?

Tukaendelea. Bega. Nilichora nusu mtu, kama kawaida. Ubao wetu ni nusu tangu 2013, paa lilipovuja na kipande kizima kikaoza. Kilichobaki kinatosha upande wa kushoto wa mwili, basi. Nauchora, nageuka, nasema: upande wa pili ni vilevile. Wanacheka. Siku hizi wanamalizia sentensi wenyewe, kama watu wanaoitikia kanisani.

Nikimeza mate kitu kinapanda na kushuka shingoni. Upande wa kulia. Nakijua tangu Pasaka. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 9 Oktoba

Domitille, mke wangu, kakiona. Alikuwa ananifunga vifungo vya shati — asubuhi mikono yangu haiwezi vifungo — kidole chake kikasimama hapohapo.

"Baba Josée, hii iko kitu gani?"

Nikasema ni mafuta ya uzee. Akanijibu nisimfanye mtoto, amelala na daktari miaka thelathini na sita, goita anaijua. Kesho kutwa nitakwenda kupimwa. Hakuniuliza kama nataka.

Mikono hii. Andika tu, Stany, hakuna anayesoma. Miaka ishirini na mitano nilipasua watu katika hospitali ya kampuni. Matumbo, miguu ya wachimbaji iliyopondwa na mawe, akina mama ambao watoto wao walikataa kutoka, goita zaidi ya mia mbili. Halafu asubuhi moja ya 2012 mkasi ukaanza kucheza wenyewe mkononi mwangu. Nikauweka kwenye trei. Nikamwomba msaidizi amalizie kushona. Nikatoka, nikakaa juani na kofia ya upasuaji kichwani, mpaka Domitille alipokuja kunichukua. Hakuna aliyenifukuza. Nilijifukuza.

Fakilte wakanipa anatomia. Maiti hatuna, hatujawahi kuwa nayo; hapa nani atamtoa ndugu yake akatwe na watoto wa watu? Tuna sanduku moja la mifupa, tuna chaki, tuna sauti yangu. Nafumba macho, naingia ndani ya mtu, natembea, nasimulia ninachokiona. Wao wanaandika. Kusema kweli nimekuwa na furaha katika kazi hii kuliko ile ya kwanza.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kwa daktari Laure Kanku. Nilimfundisha mwaka uleule ubao ulipooza, alikaa mstari wa mbele, kalamu za rangi nne. Sasa ana miaka mitano anapasua. Alinipitishia ile mashine ya echo shingoni, gel baridi, akairudisha mara ya pili upande wa kulia. Haonyeshi sura mbaya, akasema, lakini ni kubwa, inasukuma koo. Itolewe kabla ya mwezi wa kumi na mbili.

Nikamuuliza amekwisha kutoa goita ngapi. Kumi na moja. Zote salama?

"Moja hapana, Prof." Akatazama meza. "Mama moja wa Mutshatsha, Mama Ndaya, anauzisha makala ya kupikia. Goita ilikuwa ku mukono ya kuume. Aliamuka bila sauti. Mukono yangu njo ilikosea."

Sijui kwa nini niliomba karatasi. Nichoree shingo, nikasema, nione mkono wako. Akachora nyuma ya ordonansi ya dawa. Mzuri kupita kiasi! Ule mshipa wa fahamu unaopeleka amri kwenye sauti, jinsi unavyoshuka kifuani, unavyopita chini ya mshipa mkubwa wa moyo, unavyorudi juu ukikumbatia koo. Mchoro wangu mwenyewe. Hata mkunjo wa mwisho, ninaouchora kwa ubavu wa chaki, upo.

Upande wa kushoto. Nikauliza: na wa kulia?

"Prof, weye! Upande ya pili ni vilevile!"

Akacheka. Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka naye.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siyo vilevile.

Niandike polepole, herufi kubwa, maana mkono leo ni mbaya. Mchukue msafiri anayetoka hapa kwetu Kolwezi kwa treni, nyumba yake iko Mutshatsha. Hashuki Mutshatsha. Anapitiliza mpaka Kasaji, huko ndiko anageuka, anarudi kwa miguu akifuata reli. Huo ndio mshipa wa kushoto. Ukimsubiri kando ya reli utamwona. Wa kulia naye anapitiliza nyumbani, lakini Kasaji hafiki. Anageuka kwenye kituo kidogo cha njiani, halafu anarudi kwa kukata porini, mshazari. Anayemsubiri kando ya reli hamwoni. Anafyeka majani kumbe msafiri yumo ndani yake.

Nilikuwa nalijua hilo! Goita mia mbili — vidole vyangu vilikuwa vinautafuta porini bila kuniuliza. Mkono ulijua. Ndiyo maana mdomo haukukumbuka kusema. Ini niliwaambia liko upande mmoja tu, moyo niliwaambia, wengu niliwaambia. Shingo nikasema vilevile. Miaka kumi na moja. Wako wangapi? Wako Likasi, wako Kisenge, wako Dilolo, kila mmoja na kisu chake na nusu ya mtu niliyompa.

Mchana nililala nikaota natembea juu ya reli ndani ya shingo yangu. Kila kitu chekundu na chenye joto, laini chini ya miguu. Baba alikuwa kibandani, akaniuliza tiketi.

Jumanne, 15 Oktoba

Sijamwambia Laure. Nilipita mbele ya hospitali mara mbili. Mara ya pili nilinunua mihogo nisiyoihitaji.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nilimwomba Laure anionyeshe Mama Ndaya akija kuangaliwa. Kaja leo. Mwanamke mrefu, kitenge cha kijani, masizi ya mkaa hayatoki kwenye kucha zake. Anazungumza kwa pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto. Niliinama mpaka sikio langu likakaribia mdomo wake.

Nilimuuliza sokoni anafanyaje.

"Minapiga mufuniko ya sufuria, tata," akapuliza. "Na kijiko. Bantu banajua, ile mufuniko njo Ndaya."

Akacheka bila sauti, mabega tu. Kisha akasema kinachomuuma siyo soko. Ni mjukuu wake, akienda mbali uwanjani hawezi kumwita. Na kwenye kilio cha dada yake alikaa katikati ya wanawake, mdomo wazi, hakuna kitu kilichotoka. Wengine walisema hana huruma.

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilisema: pole, mama. Mimi! Profesa mzima!

Jumapili, 20 Oktoba

Josée, binti yetu, kapiga simu kutoka Lubumbashi. Kapata mpasuaji mkubwa wa shingo, kaongea naye, nafasi ipo. Kilomita mia tatu na kitu, barabara siku hizi nzuri. Domitille alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama sahani ya chakula.

Ningekwenda. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu: ningekwenda kimyakimya, ningerudi na kovu na sauti, na Laure angeendelea kuamini ni mkono wake. Asubuhi nzima nilikuwa nimekwisha kwenda. Nilijiona kwenye basi, dirishani, milima ya takataka za shaba inapita moja baada ya nyingine, wachimbaji na magunia yao, kichwa changu kwenye kioo, usingizi mtamu.

Kisha Domitille akaanza kuimba jikoni akitwanga sombe, majani ya mihogo, mimi nikaingia kwa sauti ya chini kama tunavyofanya, na sauti ilitoka na mkwaruzo. Akaacha kutwanga. Tukatazamana. Naogopa. Basi, nimeandika. Mikono ilikwenda na nikabaki na sauti. Sauti ikienda sijui nitabaki na nini.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimemwambia.

Nilifunga mlango wa ofisi yake, nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa, nikachora upande wa kulia. Mchoro ulitetemeka lakini ulisomeka. Nikamwambia: siyo mkono wako. Ni ubao wangu. Nilikupa nusu.

Aliivuta karatasi karibu. Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu, kikilia, kikilia. Nilidhani atalia. Hakulia, alikasirika! Ana haki.

"Myaka mbili, Prof. Myaka mbili minaangalia huu mukono." Akauinua mbele ya uso wangu, vidole vyote vitano. "Nilifika mpaka kuuliza bwana yangu kama niache kazi. Na ulikuja hapa ile siku, ukaona nachora, ukacheka."

Ndiyo, nikasema. Nilicheka.

Alikwenda dirishani. Akasema bila kugeuka niende Lubumbashi kwa yule mkubwa, yeye shingo yangu hataigusa. Nikasema shingo hii ni ya kwake. Siyo adhabu, siyo zawadi. Mimi ni wa kumi na mbili; wa kumi na tatu atakuja, wa kulia, kutoka Mutshatsha au Kasaji, hatakuwa na nauli ya kwenda kwa mkubwa yeyote. Heri Laure aujue mshipa ule kwa mtu anayeweza kumwambia kabla uko wapi. Akasema nimekuwa wazimu. Nikasema pengine.

Niliondoka bila jibu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Niliingia darasani nikawaambia fungueni ukurasa wa shingo. Wakafungua. Nikawaambia andikeni juu yake: Prof alikosea.

Wakatazamana, kisha Gloire akaandika.

Ubao uliisha katikati ya koo kama siku zote. Nikaendelea kwenye ukuta. Chaki haishiki kwenye ile rangi ya zamani, ikateleza, ikavunjika. Gloire akatoa mfukoni bonge la pemba — ule udongo mweupe ambao mabibi wanapaka mtoto akibarikiwa. Nyumbani kwao wanauchimba, wanafunzi huufanya chaki. Ukashika. Nikachora ukutani nusu ya pili ya mtu, ya kwanza tangu 2013, mkono ukicheza, mstari ukiyumba. Nikawaeleza treni. Mutshatsha, Kasaji, kituo kidogo, porini. Waliotoka upande ule wa reli walipiga meza. Nilipata usingizi wa ajabu nikiwa nimesimama. Nilihisi nasema na ninasikiliza pia, na yule anayesema ni baba yangu, anatangaza vituo.

Nilipogeuka Laure alikuwa amekaa mstari wa nyuma, kalamu zake nne mezani. Alikuwa ananakili.

Akaja baada ya wote kutoka. Hakunisalimu.

"Jumanne tarehe tano," akasema. "Usikule kitu tangu usiku."

Jumapili, 27 Oktoba

Domitille hazungumzi nami. Tangu jana. Anazungumza na kuku, na redio, na Mungu. Jioni akapasuka. Ningeweza kwenda kwa mkubwa, nimechagua kuwa somo! Ile sauti siyo ya wanafunzi wangu peke yao. Yeye pia anaitumia.

Nilimuuliza anaitumia kwa kazi gani.

"Kwa kujua uko ndani ya nyumba," akasema.

Nikapendekeza nirekodi kitu kwenye simu yake, hata sala. Akakataa katakata: hataki kunisikia kwenye simu nikiwa nimekaa mbele yake bubu. Halafu akaniambia nimsomee. Nikamsomea kila kitu kilichokuwa karibu, masomo ya Jumapili, karatasi ya dawa, maandishi ya mfuko wa unga wa semuli. Alifumba macho. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya mabati, ilibidi nisome kwa nguvu.

Jumatatu, 4 Novemba

Darasa la mwisho kabla ya upasuaji. Tumbo. Nilifundisha pande zote mbili, moja ubaoni, moja ukutani. Mwishoni nikasema "na upande wa pili", nikanyamaza, nao wakajibu wote kwa pamoja: "Tuangalie!" Nani kawafundisha? Nilitoka haraka wasinione uso.

Jumanne, 5 Novemba

Saa moja asubuhi, hospitalini. Wameniachia daftari mpaka watakaponiita.

Domitille alichungulia kwanza kama padri wa wagonjwa hayuko kwenye korido. Kisha akatoa pemba kwenye kitambaa, akalowesha kwa ulimi wake, akanipaka kooni kama bibi yake alivyokuwa akifanya. Vidole vyake ni baridi.

Laure kaingia na kalamu ya wino mzito atie alama upande. Akaiona ile pemba. Nikadhani atauliza. Akaizungushia duara kwa kalamu yake, taratibu, asiifute.

"Nitaisafisha kule ndani, mbele ya kupasua, mama," akamwambia Domitille. "Hapa iache."

Kisha akaniomba nimwambie tena, mara ya mwisho, nianzie Kolwezi. Nikamwambia. Alikuwa anatembeza kidole hewani, mshazari. Mkono wake hautetemeki hata kidogo. Nimeutamani mkono ule, kwa kijicho kabisa, halafu kijicho kikapita.

Naitwa.

Jumatano, 6 Novemba

Niko. Bomba dogo shingoni. Koo kama nimemeza mchanga.

Laure kasema nisitoe sauti mpaka Ijumaa. Sijawahi kumtii daktari hivi! Daftari hili na vipande vya karatasi, basi. Domitille anasoma karatasi zangu kwa mbali, kanyoosha mkono, maana miwani kasahau nyumbani.

Kati ya nusukaputi na kuamka nilikuwa porini. Majani marefu yenye umande, mtu mbele yangu anatembea mshazari, simwoni, nasikia tu majani yakipisha. Sikutaka kumwita. Nilijua nikimwita nitajua kama nina sauti.

Alhamisi, 7 Novemba

Laure kakaa ukingoni mwa kitanda. Aliuona mshipa, kasema. Mahali pale pale nilipomwambia, unakata porini. Mwembamba, mweupe, umelala juu ya goita kama uzi kwenye kitambaa. "Kama hungesema, Prof, ningeukata." Hakuukata. Lakini goita ilikuwa imeushikilia, ilibidi auvute kidogo kuutoa, dakika kama tano. Mshipa umechoka. Unaweza kuamka, unaweza usiamke. Hajui. Mimi pia sijui, na mimi ndiye profesa.

Nikamwandikia: Mama Ndaya. Akasoma. Akasema Jumamosi anapanda kwenda Mutshatsha, atamweleza mwenyewe yote, jina langu ndani yake. Nikaandika: mimi pia naja. Akasema tutaona kama utakuwa na cha kumwambia. Alimaanisha sauti. Au hakumaanisha.

Ijumaa, 8 Novemba

Bomba limetoka. Laure kasema: leo, Prof, wakati wowote ukitaka.

Tangu asubuhi sitaki. Domitille ameketi, anamenya machungwa, hanitazami, anasubiri. Ganda moja refu lisilokatika. Dirishani jua limeweka mraba juu ya shuka na mimi nauangalia ukisogea. Ningeweza kukaa hivi. Mtu asiyejaribu bado anayo sauti.

Sasa kuna kelele kwenye korido. Gloire na wengine saba, wamebeba kitu kikubwa, muuguzi anawakemea. Ubao! Ubao wa mbao ya triplai, wameupaka rangi nyeusi, nusu ile iliyokosekana, imekatwa kwa kipimo. Wameuegemeza ukutani mbele ya kitanda changu. Wamekwisha kuuchorea: upande wa kulia wa shingo, kwa pemba, ukubwa wa mlango. Wanajivuna mno. Domitille kaweka chungwa chini, kapiga makofi.

Wamekosea.

Wameushusha mshipa mpaka Kasaji. Haukugeuka kwenye kituo kidogo, umekwenda mpaka mwisho wa reli na umerudi kando ya reli, mzuri, mnyoofu, wa kushoto kabisa. Gloire ananyoosha kidole, ananiuliza kama ni sawa. Watabeba kosa hilo mpaka Kisenge, mpaka Dilolo.

Laure yuko mlangoni, mikono kifuani. Kauona mchoro. Kauona tangu korido, naijua ile sura yake. Anawatazama wao, ananitazama mimi. Ananiachia mimi.

Wanadhani naandika jibu kwenye karatasi. Gloire kanyoosha mkono aipokee. Siyo kwa karatasi, mwanangu; kwa mdomo.

Naweka kalamu chini, navuta pumzi